Bibi Mwenye Macho Mekundu Naye Anaogopa

Katika filamu ya Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025, kuna kipande kifupi kisicho na damu wala kelele ambacho kimenikaa kichwani kuliko meno yote ya wanyonya damu. Tuko Clarksdale, jimbo la Mississippi, mwaka 1932. Binti wa familia ya Kichina anatumwa akamwite mama yake. Anatoka kwenye duka ambalo wateja wake ni watu weusi, anavuka barabara, anaingia duka la upande wa pili ambalo wateja wake ni wazungu. Maduka yote mawili ni ya wazazi wake: baba anauza huku, mama anauza kule. Kamera inamfuata binti bila kukata, kisha inamdaka mama na kurudi naye. Hakuna mhusika anayesimama kutuhutubia kwamba nchi hii ina ubaguzi. Umevushwa barabara tu, na umeshaelewa.

Wachina wale hawakubuniwa na mwandishi ili kupendezesha bango. Walianza kufika bonde la Mississippi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wenye mashamba ya pamba walipokuwa wanahangaika kupata vibarua baada ya watumwa kuachwa huru. Kazi ya shamba haikuwashika. Wakafungua maduka ya vyakula na kuwauzia watu weusi ambao wazungu wenye maduka hawakutaka kuwahudumia kwa heshima. Mtu wa Mwanza hapo hahitaji kuchorewa ramani. Pamba tunaijua, na duka la mgeni lililosimama katikati ya watu wasiokaa meza moja tunalijua vilevile.

Kila filamu ya kutisha ya zama za kale inapotoka, hasa ile inayochota kwenye hadithi za mababu, watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanataka kila rangi na kila kabila lionekane. Wa pili wanasema historia iachwe ilivyo, msituletee watu ambao hawakuwapo. Nimezisikia pande zote mbili zikitoleana macho na naona zinafanya kazi moja, ya kuhesabu vichwa. Mmoja anavitaka vingi, mwingine anavitaka vichache. Ukihesabu vichwa katika filamu ya kutisha utakosa jambo lenyewe, kwa sababu filamu ya namna hii inagawa kitu kimoja adimu kuliko nafasi ya kuonekana, nacho ni hofu. Kuna watu ambao kamera inatuingiza ndani ya woga wao, tukahema nao, tukawaombea wafike mlangoni. Na kuna watu ambao kazi yao ni kuogopwa. Uwakilishi wa filamu ya kutisha unapimwa hapo: nani amepewa haki ya kuogopa, na nani ameachiwa kazi ya kuwa kitu cha kuogopwa.

Ipime Sinners kwa kipimo hicho uone ilivyo imara na inapolegea. Annie, mwanamke wa dawa za asili aliyechezwa na Wunmi Mosaku, mzaliwa wa Nigeria, ndiye ushindi mkubwa wa filamu ile. Katika filamu nyingi mwanamke mwenye mizizi na vifuko vya dawa huwa ama ndiye jini lenyewe, ama mtoa maelezo ambaye akishatoa maelezo anakufa. Annie ana kaburi la mwanawe, ana mume anayempenda mwili na roho, na anaogopa kama mtu mwenye akili anavyoogopa, yaani anajua hasa kinachokuja. Anachagua hata namna atakavyokufa. Maarifa yake hayakuondoa ubinadamu wake.

Wachoctaw, wenyeji wa ile ardhi kabla ya pamba na kabla ya reli, wanatokea jua likizama wakimsaka yule mnyonya damu. Wanamwonya mwanamke wa kizungu aliyesimama mlangoni, hasikii, wanaondoka, na hatuwaoni tena. Wapo waliowapongeza watengenezaji kwa kuwaweka. Mimi naona walikopwa. Watu wanaolijua lile jinamizi kuliko wote wamepewa dakika chache za kupita njia, kisha usiku mzima unaendeshwa na watu wasiolijua. Na Grace, mama mwenye duka, ndiye anayewakaribisha wanyonya damu ndani, maana bila kukaribishwa hawawezi kuingia, baada ya kiongozi wao kumtishia binti yake. Wako waliolalamika kwamba mlango umefunguliwa na Mchina, kana kwamba usaliti umewekwa kwenye ngozi yake. Siafikiani nao. Tumevuka naye barabara mapema, tunamjua mtoto ni nani, na anapopaza sauti tunaogopa kutokea ndani yake. Kosa lake ni la mama. Kile kipande cha barabara ndicho kilichomnunulia haki hiyo.

Sasa tuje kwetu.

Vijana wa Mwanza wanaotaka kutengeneza filamu ya kutisha ya zamani wako wengi, na miswada inayonifikia inafanana kama mayai ya kuku mmoja. Kijiji kisicho na jina. Mwaka hautajwi, ila wote wamevaa kaniki na magome. Mtoto anakufa, ng'ombe wanakufa, mvua inagoma. Mganga anatikisa kibuyu, na ukurasa wa arobaini hivi tunafika kwenye nyumba ya pembeni anapoishi bibi mmoja peke yake, macho mekundu, meno mawili, paka. Ndiye. Ukurasa wa mwisho anaungua moto, mvua inanyesha.

Bongo Muvi imepitia hofu za namna yake tangu mwanzo. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi ziliwafanya watu walale na taa, na nina heshima nazo: zilionyesha kwamba mtazamaji wa Kitanzania atalipia woga wa nyumbani kabla ya woga wa Marekani. Lakini huo mswada wa kijiji kisicho na jina unadanganya mara mbili. Unadanganya kuhusu zamani, na unadanganya kuhusu bibi.

Nianze na zamani. Chukua mwaka 1928. Mwaka huo ndio reli kutoka Tabora inafika Mwanza. Ziwani meli zinakwenda na kurudi Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilifika tangu 1901, na Bukoba. Kwenye gati utasikia Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kijaluo, Kihaya, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Vinu vya kuchambulia pamba vingi viko mikononi mwa Wahindi. Waswahili na Waarabu wa biashara walikuwako kabla ya Mjerumani: Stanley alipofika Kageye, ufukweni kule upande wa Magu, mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara Songoro ameshazoea mahali. Mapadre wa White Fathers wako Bukumbi tangu 1883. Juu ya wote hao kuna Mwingereza na faili zake, na chini yake kuna mtemi anayetakiwa kutii faili na kutunza ngoma kwa wakati mmoja. Mwandishi akiniambia anataka filamu ya kutisha ya kale ya Mwanza yenye kabila moja na lugha moja, huyo ndiye anayechezea historia. Yule anayemweka karani wa Kigoa, msichana wa Kijaluo aliyeshuka melini na fundi wa Kihindi wa kinu cha pamba amefungua tu dirisha na kuandika alichoona.

Na wanyonya damu wenyewe tulikuwa nao. Enzi za ukoloni hadithi za mumiani zilisambaa kutoka pwani mpaka bara, za watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu kwa ajili ya wazungu. Wanahistoria wamezichukulia kwa uzito, na wana sababu, maana ndani yake kuna kila kitu ambacho mtu aliyetozwa kodi na kupelekwa kazi asiyoitaka hakuweza kumwambia bwana shauri usoni. Kijana anayetaka wanyonya damu wa ziwani asiende kuazima meno ya Ulaya. Ila akumbuke kwamba hadithi hizo zilimwogopa Mwafrika aliyeajiriwa na mzungu kuliko zilivyomwogopa mzungu mwenyewe: mtu wa zimamoto, msaidizi wa hospitali, askari. Hapo ndipo kipimo changu kinarudi. Msaidizi yule naye anaogopa nini akirudi nyumbani jioni na majirani wanaingiza watoto ndani?

Uongo wa pili ni mzito zaidi, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mwaka uleule wa 1928 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya uchawi ambayo mpaka leo imo kwenye vitabu vyetu vya sheria, sura ya 18. Ndani yake mkuu wa wilaya alipewa uwezo wa kumwamuru mtu anayetuhumiwa uchawi akaishi mahali fulani alipopangiwa. Lifikirie hilo kama mtu wa filamu. Reli mpya, sheria mpya, na mwanamke mzee aliyepewa karatasi asiyoweza kuisoma, inayosema asirudi tena kwenye shamba lake. Hajashtakiwa kwa kuua. Ameshtakiwa na minong'ono, mkoloni asiyeamini minong'ono ameigonga muhuri ili wilaya itulie, na kijiji alichopangiwa kuhamia kimeshasikia kwa nini anakuja. Sijui filamu ya kutisha inayohitaji jini baada ya hapo.

Mwaka 2015 Robert Eggers alitoa The Witch, kuhusu familia ya walowezi wa Kiingereza huko New England miaka ya 1630 iliyofukuzwa na wenzao na kwenda kujenga kando ya msitu. Ni kazi nzuri sana. Lugha yao, nguo zao, hata mwanga wa mishumaa, vimetafutwa kwa bidii. Msitu wenyewe ulikuwa na wenyewe kabla ya familia ile kufika, na filamu inauacha uwe tupu ili uogopwe, ambalo ni suala la makala nyingine. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mapema kabisa filamu inathibitisha kuwa mchawi yupo. Si shaka ya baba mwenye dini kali. Yupo, ni mwanamke, na amemchukua mtoto mchanga.

Eggers anaweza kujiruhusu hilo. Kule Salem, Massachusetts, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi na mmoja akabanwa kwa mawe mpaka akafa, mwaka 1692. Zimepita zaidi ya karne tatu. Leo hakuna mama mzee wa Massachusetts atakayepigwa panga kwa sababu jirani yake alitazama filamu Jumamosi.

Kwetu Usukumani umbali huo haupo. Wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi Mwanza, Shinyanga na Geita, na waliozika mama zao wako hai, wengine wanauza samaki sokoni tunaponunua. Na yale macho mekundu ambayo mwandishi wa mswada anayachukulia kuwa pambo zuri la kutisha yana historia yake isiyo na uchawi hata chembe. Usukuma una miti michache. Sehemu kubwa ya mapori ilifyekwa kupanua mashamba na kupambana na mbung'o. Mwanamke akakosa kuni, akapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, tangu akiwa msichana. Miaka hamsini ya moshi. Akazeeka nayo machoni, na watoto wake aliowapikia ugali kwa moshi huo wakaja kuyasoma yale macho kama hati ya mashtaka.

Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu wa kanda ya ziwa anapomweka bibi mwenye macho mekundu mwisho wa ushoroba wenye giza na muziki ukapanda, hajatengeneza mhusika. Ameunga mkono ushahidi. Najua atasema ni filamu tu, kila mtu anajua. Mimi nasema hofu ndiyo kitu pekee ambacho filamu haiigizi. Damu ni rangi, moto ni wa kompyuta, ila moyo wa mtazamaji unaenda mbio kwelikweli, na anauchukua mpaka nyumbani kwake, kupita nyumba ya jirani.

Wapo watakaonishika hapo: unataka tuache hadithi za wazee wetu kwa sababu ya siasa? Sivyo kabisa. Nataka wazisome vizuri zaidi, kwa sababu hadithi zenyewe zimewatangulia.

Watu wa huku wanamjua Shing'weng'we. Zimwi lilimeza kijiji kizima, watu na mifugo. Mwanamke mmoja mjamzito alijificha kwenye makapi akasalimika, akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wote wamekwenda wapi, na alipoambiwa akaanza kutoka na silaha. Anarudi na panzi: mama, nimemuua Shing'weng'we. Mama anamwimbia kwamba huyo ni panzi tu, mwanangu, tumkaange tule. Kesho ndege, keshokutwa mnyama mkubwa zaidi, na wimbo uleule. Mpaka siku alipolipata lenyewe. Akalipasua tumbo, wakatoka baba yake, ndugu, ng'ombe, kijiji chote, kwa vigelegele.

Wengi wanaosimulia haraka wanaishia hapo. Lakini katika masimulizi yanayojulikana kuna kipande kimoja zaidi. Kisu cha Masala kilipokuwa kinapasua tumbo kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani. Wote wanatoka wakishangilia, yeye anatoka anavuja damu, amekasirika, anataka kumloga shujaa. Masala akatafuta dawa, akamtibu. Wakamfanya mtemi.

Nimelifikiria sana sikio hilo. Unaweza kulisoma vibaya, na nadhani wengi tumelisoma hivyo: tazama wazee wasivyo na shukrani, ameokolewa kwenye tumbo la zimwi bado analalamikia sikio, na akilalamika tu, tayari ni mchawi. Usomaji huo ndio uliozaa mswada wa kijiji kisicho na jina. Lakini hadithi ilikuwa na uhuru wa kumwacha. Haikuwa na haja ya sikio. Ingeweza kumtoa bibi akiwa mzima kama wengine na ngoma ikapigwa. Badala yake imemsimamisha shujaa katikati ya sherehe yake, ikamwambia kuna mtu mmoja uliyemuumiza ulipokuwa unatuokoa, na hutakalia kiti mpaka umemtibu. Bibi yule ndiye mtu wa pekee katika umati ule ambaye hofu yake haikuisha tumbo lilipopasuka. Alitoka kwenye zimwi akakutana na kisu.

Mwongozaji atakayeitengeneza Shing'weng'we itabidi achague. Akimfuata kijana kutoka nje kwenda tumboni, atapata filamu ya shujaa, tunazo nyingi. Akikaa ndani ya tumbo na bibi, gizani, akisikia watu wakihesabiana majina, kisha mwanga unaingia na pamoja nao chuma, atapata kitu ambacho sijawahi kukiona popote. Zimwi ni lilelile, kijiji ni kilekile. Kamera tu imehamia upande wa pili wa ngozi.

Uganga nao unataka mkono mwepesi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Ndani yake mke na mume wanaotafuta mtoto wanakwenda kwa mganga, na mganga anafanya kazi: anauliza maswali, anachemsha, anapanga siku, anapokea malipo yake. Hakuna radi. Ukitaka kutisha watu na mganga wa namna hiyo utalazimika kwanza kuwafanya wamwamini, kisha kitu kiende mrama. Ni kazi ngumu kuliko kibuyu na moshi wa rangi.

Au chukua ngoma. Wasukuma wana makundi makubwa mawili yanayoshindana, Wagika na Wagalu, na katika vyama vya ngoma wapo Wayeye wanaocheza na nyoka, chatu wakiwemo. Mgeni mwenye kamera akimwona mtu amejizungusha chatu shingoni atajua tayari filamu yake inahusu shetani. Mwenyeji anajua hii ni Simba na Yanga: makundi mawili yamepangwa uwanjani, kila moja na dawa zake na mbwembwe zake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Hiyo haina maana kwamba haitishi. Inatisha sana, ila inatisha kama mchezo unavyotisha, kwa aibu ya kushindwa mbele ya wakwe zako. Mbunifu wa mavazi na mandhari aende Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na padri David Clement miaka ya 1950, akatazame ngoma za watemi na zana za Wayeye kabla hajashona kaniki nyingine.

Watu wenye ualbino nitawataja kwa ufupi, si kwa sababu jambo ni dogo. Kanda hii ndiyo iliyobeba aibu ya mauaji yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007 hivi. Filamu zilizokuja baadaye, kama White Shadow ya Noaz Deshe iliyopata tuzo Venice mwaka 2013, ziliwaonyesha wakiwindwa, na ilikuwa lazima zionyeshe. Lakini mtu asiyeonekana ila anapowindwa bado hajawakilishwa. Ukerewe ya 1928 ilikuwa na watu wenye ualbino waliolima, waliooa, waliogombana na wifi zao. Mmoja wao awe mpiga makasia tu katika filamu hiyo, mwenye maneno mawili makali, na kisa kisimguse kwa sababu ya ngozi yake. Achezwe na mtu mwenye ualbino, asiwe mwigizaji aliyepakwa unga. Na ratiba ya kazi impe kofia, mafuta ya kujikinga na jua na kivuli, matukio yake ya nje yapigwe asubuhi na jioni. Hayo ndiyo matendo. Mengine ni hotuba za uzinduzi.

Kwa upande wa Wahindi tunalo deni la kicheko. Kwenye vichekesho vyetu Mhindi ni mtu wa kuvunja Kiswahili na kuhesabu sarafu. Amil Shivji alipotengeneza Vuta N'Kuvute mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, alimpa Yasmin, mwanamke wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950, uzito wote wa kisa: anakimbia ndoa, anapenda, anaogopa. Haikuwa filamu ya kutisha, lakini ilithibitisha kwamba mtazamaji wetu yuko tayari kuhema na mtu wa upande ule wa kaunta. Yule mama wa duka la Mississippi angeeleweka vizuri sana akivushwa barabara mtaa wa Makoroboi, Mwanza.

Watayarishaji wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema bibi hauzi. Bango linataka kijana na binti mrembo, na bibi akae nyuma kwenye ukungu. Wanasema pia Kisukuma na Kikerewe vyenye maandishi ya Kiswahili chini vitafukuza watu. La lugha naona limeshajibiwa na soko: watu wetu wametazama tamthilia za Kikorea na Kituruki kwa miaka, wanasoma chini bila manung'uniko. La bibi ni gumu kweli, na dawa yake haiko kwenye bango. Iko kwenye uigizaji, na hapo tuna desturi mbaya ya kumchukua dada wa miaka ishirini na tano, tukampaka unga kichwani na kumkunja mgongo. Woga wa mtu mzee hauko mgongoni. Uko kwenye namna anavyopima umbali wa mlango kabla hajakaa. Wanawake wanaojua hilo wako Magu, wako Kisesa, wako Sengerema, na wanazungumza Kisukuma ambacho mwandishi wa mswada hakijui.

Ila ukimchukua mmoja wao, fikiria anarudi wapi kazi ikiisha. Dada wa mjini akimaliza kucheza mchawi anapanda basi. Bibi wa Kisesa anarudi kwa majirani waliomwona, au waliosikia kutoka kwa waliomwona, kamera ikimpiga picha akiitwa mchawi na mkuu wa wilaya wa kuigiza. Kwa hiyo ridhaa yake pekee haitoshi. Wanawe wakae kikao na waongozaji kabla hajasaini. Viongozi wa kijiji wasomewe kisa chote, mwanzo hadi mwisho, kwa Kisukuma, wakijua kwamba yeye ndiye mhusika mkuu na si zimwi. Malipo yake yawe ya mhusika mkuu, yasiwe ya mama aliyeokotwa siku hiyo kwa nauli na soda. Na onyesho la kwanza lisifanyike Dar es Salaam kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Lifanyike uwanja wa shule ya kijijini kwake, na gharama ya jenereta, pazia na projekta iingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kabla ya pesa za bango.